Betri yako ina umri gani? Stima ikipotea, jibu laweza kuokoa maisha

MAMA mmoja msomaji wa ukurasa huu kutoka Nyandarua ameniandikia barua yenye swali ambalo, kusema kweli, sikufundishwa chuoni. Mamake mzazi, mwenye umri wa miaka 71, ana maradhi ya mapafu yaliyotokana na kupikia kuni katika jikoni lisilo na dirisha kwa miaka mingi. Alipotoka hospitalini alishauriwa awe akitumia mashine ya oksijeni nyumbani, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja. Lakini mashine hiyo hutumia stima, na kwao stima hupotea mara mbili au tatu kwa wiki. Sasa kijana mmoja mtaani amemuuzia UPS iliyotolewa katika ofisi fulani, na mama huyu anauliza: "Daktari, hiki kitu kitakaa miaka mingapi kabla ya kuniangusha?"

Nilipoisoma barua hiyo nilikumbuka usiku mmoja ambao sijawahi kuusimulia hadharani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisimamia kituo kimoja cha afya mashambani. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Katika wadi ya kina mama kulikuwa na mtoto mchanga wa siku moja aliyekuwa akipumua kwa taabu, naye aliwekwa kwenye mashine ya oksijeni. Mnamo saa nane usiku stima ilipotea. Hatukuwa na wasiwasi, kwa sababu tulikuwa na betri mbili kubwa na inveta yake, na siku zilipofungwa zilituwekea mashine hiyo kwa zaidi ya saa tatu. Usiku huo zilidumu dakika kumi na moja. Mlinzi alikimbia kuwasha jenereta. Tangi lilikuwa limejaa dizeli, lakini betri ya kuiwashia ilikuwa imekufa. Jenereta ilitoa mlio mmoja, ikanyamaza.

Kilichomwokoa mtoto yule si mtambo wowote niliokuwa nimeununua. Sista wa zamu alikuwa na desturi ya kuweka mtungi mdogo wa oksijeni kando ya kitanda kila anapoingia zamu, hata kama stima ipo. Aliuhamisha mpira wa oksijeni kutoka kwenye mashine hadi kwenye mtungi kabla mimi sijafika kutoka nyumbani. Mtoto yule leo anasoma shule ya msingi.

Asubuhi fundi wa stima alikuja. Alizipangusa betri vumbi, akasoma tarehe iliyokuwa ubavuni mwake, akaniambia: "Daktari, hizi zilikufa kitambo. Zilikuwa zikingoja mazishi tu." Zilikuwa na miaka mitano na miezi miwili. Mimi ndiye niliyetia sahihi karatasi za kuzinunua. Nilijua umri wa kila mgonjwa katika wadi zangu, lakini sikujua umri wa betri zilizowalinda.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwa mafundi mambo ambayo naamini kila mtu anayemtunza mgonjwa nyumbani, na kila msimamizi wa zahanati, anafaa kuyajua.

Betri huzeeka hata ikikaa tu

Betri nyingi tunazotumia nchini ni zile za risasi na asidi. Ndani yake mna sahani za madini ya risasi zilizozama katika asidi. Kila unapoitumia na kuichaji, sahani hizo hubadilika kidogo, na sehemu yake moja hugeuka kuwa ukoko mgumu ambao haupokei tena chaji. Hata usipoitumia, ukoko huo huendelea kujijenga, hasa betri ikiachwa bila chaji.

Betri ndogo zilizofungwa kabisa, ambazo hupatikana ndani ya UPS, kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5. Zile kubwa za kuongezwa maji, zikitunzwa vyema, zaweza kufika miaka 5 hadi 8. Betri za lithiamu, ambazo sasa zinauzwa sana pamoja na mitambo ya sola, zaweza kudumu miaka 10 au zaidi, ingawa bei yake huwa juu wakati wa kununua.

Lakini miaka hiyo ni ya betri iliyokaa mahali penye ubaridi wa kadiri, yaani nyuzi 20 hadi 25. Joto ndilo adui mkubwa. Kila joto linapozidi kwa nyuzi 10 hivi, maisha ya betri ya risasi hupungua kwa nusu. Betri ambayo ingekaa miaka mitano Limuru yaweza kufa baada ya miaka miwili na nusu ikifungiwa katika stoo ya mabati Garissa au Lodwar. Kwa hivyo, jambo la kwanza la kujiuliza si betri ni ya kampuni gani, bali imewekwa wapi.

Jambo la pili ni jinsi inavyotumiwa. Betri ya risasi haipendi kumalizwa. Ukitumia nusu ya nguvu zake kisha ukaichaji, itakaa muda mrefu. Ukiikamua hadi mwisho kila mara, utaizika mapema. Tena, betri ya gari haifai kwa kazi hii. Sahani zake ni nyembamba kwa sababu imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini. Ukiifanya ibebe mashine ya mgonjwa usiku kucha, haitachukua miezi mingi kabla ya kufa.

Jambo la tatu ndilo lililonidanganya mimi. Betri haiishi kama kiatu ambacho unaona soli ikiliwa polepole. Mafundi huihesabu kuwa imezeeka inapobakisha asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Baada ya hapo hushuka kwa kasi. Taa yake ya kijani itaendelea kuwaka, na ukiipima bila mzigo itaonyesha volti 12 na ushei kama kawaida. Ni siku ya kubebeshwa mzigo ndipo utajua. Ni kama mgonjwa wa moyo ambaye akiketi kitini hana tatizo, lakini mwambie apande ngazi.

UPS ya ofisi si ya mgonjwa

Sasa tumjibu mama wa Nyandarua. UPS ya kawaida ya kompyuta huwa na betri moja ndogo ya volti 12 yenye ukubwa wa saa-ampea 7. Kazi yake ni kumpa karani dakika chache za kuhifadhi kazi yake na kuizima kompyuta. Mashine ya oksijeni ya lita 5 hula wati 350 hivi, tena injini yake inapoanza huvuta stima nyingi zaidi kwa ghafla. UPS hiyo, hata ikiwa mpya, itaibeba kwa dakika chache tu, au itajizima papo hapo. Ikiwa imetolewa ofisini, huenda ilitolewa kwa sababu betri yake ilikuwa imechoka.

Hebu tufanye hesabu. Betri moja kubwa ya volti 12 na saa-ampea 200 ina nguvu ya wati-saa 2,400. Ukitumia nusu tu, ili usiiharibu, unabaki na 1,200. Inveta nayo hula kiasi fulani, kwa hivyo zinazomfikia mgonjwa ni kama 1,000. Gawanya kwa wati 350, utapata saa tatu hivi. Hizo ni saa tatu za betri mpya. Mwaka wa tatu au wa nne usizihesabu tatu tena.

Inveta au UPS yenyewe, ukiondoa betri, yaweza kudumu miaka 8 hadi 12. Ndani yake mna feni na vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme ambavyo hukauka kwa joto na vumbi, na aghalabu hivyo ndivyo vya kwanza kuharibika. Ukisikia feni inakwaruza, au ukinusa harufu ya plastiki inayoungua, usingoje.

Jenereta huuawa na kukaa

Watu hudhani kwamba jenereta isiyotumika sana itadumu sana. Ukweli ni kinyume chake. Jenereta ndogo za petroli, zile za kubebwa kwa mikono, huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na maisha ya injini yake huwa ni saa 1,000 hadi 2,000 za kazi. Jenereta kubwa za dizeli za hospitali huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na zikitunzwa zaweza kufanya kazi zaidi ya saa 10,000 kabla ya injini kufunguliwa. Ikiwa hospitali hupoteza stima saa mbili kwa wiki, hiyo ni kama saa 100 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo injini ingeishi kuliko daktari aliyeinunua.

Kinachoiua ni mambo mengine. Betri ya kuiwashia hufa baada ya miaka 2 au 3. Mipira ya maji na mikanda hupasuka. Dizeli iliyokaa kwenye tangi kwa zaidi ya miezi 6 hadi 12 huanza kuharibika, maji hujikusanya chini yake na vijidudu humea humo na kuziba chujio. Petroli huharibika mapema zaidi na kuacha gundi katika kabureta.

Nchi hii ilishuhudia jambo hilo usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea takriban kote nchini. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta abiria walikaa gizani kwa saa kadhaa kwa sababu jenereta ya kuhudumia sehemu yao ilikataa kuwaka. Ikiwa jambo hilo laweza kutokea huko, laweza kutokea katika zahanati yako.

Dawa yake ni rahisi. Jenereta iwashwe angalau mara moja kwa mwezi kwa nusu saa, nayo ibebeshwe mzigo halisi usiopungua thuluthi moja ya uwezo wake. Kuiwasha ikiwa tupu hakutoshi. Dizeli isiyochomeka vyema huacha masizi na mafuta katika injini. Mafuta ya injini yabadilishwe: kwa jenereta ndogo kila baada ya saa 100 hivi, na kwa zile kubwa za dizeli kila baada ya saa 250 au mara moja kwa mwaka, kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji.

Transfoma, nyaya na soketi

Stima haikufikii kwa muujiza. Inapitia transfoma ya mtaani, mita, sanduku la fyuzi, nyaya za ukutani na mwishowe soketi. Kila kimoja kina umri wake, na mgonjwa analindwa na kile kilicho dhaifu kuliko vyote.

Transfoma ikitunzwa na isipobebeshwa mzigo kupita kiasi hudumu miaka 25 hadi 40. Ndani yake mna nyaya zilizofungwa kwa karatasi maalumu na kuzamishwa katika mafuta ya kuzipoza. Karatasi hiyo ndiyo huzeeka. Joto likizidi kiwango kilichowekwa, kila nyuzi 6 za ziada hupunguza maisha yake kwa nusu. Ndiyo maana transfoma iliyofungwa kwa ajili ya nyumba 40 hufa mapema mtaa unapofikisha nyumba 200. Wakati mwingine hata umri si hoja: mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliyeanguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru alisababisha giza nchi nzima.

Hapa niseme jambo la afya. Mwaka 2014 iliripotiwa kuwa mafuta ya transfoma yaliyoibwa nchini yalikuwa yakiuzwa kwa vibanda vya kukaangia vyakula. Wezi huyapenda wanunuzi hao kwa sababu mafuta haya hudumu muda mrefu katika karai. Mpendwa msomaji, hayo si mafuta ya kupikia hata kidogo. Transfoma za zamani huweza kuwa na kemikali ambazo zimethibitishwa kusababisha saratani. Tena kila lita inayoibwa huiacha transfoma ikiungua, na hospitali iliyo upande wa pili ikibaki gizani.

Nyaya za kisasa za plastiki zaweza kudumu miaka 30 na zaidi zisipopashwa joto kupita kiasi. Nyumba na zahanati za zamani, hasa zilizojengwa kabla ya Uhuru, huenda bado zina nyaya zilizofunikwa kwa mpira, ambao hukauka na kumeguka ukiguswa. Hizo zing'olewe. Sanduku la fyuzi na swichi zake huweza kufika miaka 25 hadi 30. Lakini ile swichi ya usalama inayokata stima inapovuja, ambayo humwokoa mtu asiuawe na umeme, ina kidude cha kuijaribia. Kibonyeze angalau mara moja kila miezi mitatu. Ikikosa kujizima, mwite fundi siku hiyo hiyo.

Vile vile kuna vifaa vya kukinga mashine dhidi ya stima inayorudi kwa kishindo. Watu wengi huvinunua na kuvisahau. Kila kishindo hukila kifaa hicho kidogo, na baada ya miaka 3 hadi 5 yaweza kuwa kimebaki kuwa soketi ya kawaida tu. Taa yake ya ulinzi ikizima, kibadilishe.

Soketi nayo ina dalili zake. Ikiwa moto ukiigusa, ikiwa na alama za kahawia, au plagi ikilegea, imezeeka. Mashine ya mgonjwa isichomekwe katika kamba ya ziada inayobeba pia birika na pasi. Hospitalini, usisahau swichi ya kubadilisha njia, ile inayoitoa hospitali kwenye stima ya kawaida na kuitia kwenye jenereta. Nimeona jenereta nzuri ikinguruma nje huku wadi ikiwa giza, kwa sababu swichi hiyo ilikwama.

Friji ya chanjo

Chanjo nyingi za watoto huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8. Ya surua huharibiwa na joto, na ile inayokinga dondakoo, kifaduro na pepopunda huharibiwa ikiganda. Chanjo iliyoharibika haimuui mtoto. Inampa mamake imani ya bure, naye mtoto anapatwa na surua ilhali kadi yake inaonyesha amechanjwa.

Katika miaka ya themanini zahanati nyingi za Afrika zilipewa friji za sola zenye betri. Paneli zilidumu, lakini betri zilikufa baada ya miaka 3 hadi 5, na hapakuwa na fedha za kununua nyingine. Friji zikageuka kuwa makabati. Kutokana na somo hilo wataalamu walibuni friji za sola zisizo na betri kabisa. Jua hugandisha barafu mchana, na barafu huhifadhi ubaridi usiku. Zile zenye uwezo mkubwa hukaa siku tatu bila jua la kutosha. Nazo friji za stima zenye kuta za barafu huweza kushikilia ubaridi kwa saa 20 au zaidi bila stima, hata katika joto la nyuzi 43. Paneli zenyewe hukadiriwa kubakisha asilimia 80 ya nguvu zake baada ya miaka 25, mradi zipanguswe vumbi.

Kwa mgonjwa wa sukari aliye nyumbani, kumbuka kuwa chupa ya insulini inayotumika huweza kukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi, mradi joto lisipite nyuzi 25 hadi 30 kulingana na aina yake. Stima ikipotea usiifungue friji ovyo, wala usiiweke insulini juu ya barafu. Ikiganda, itupe.

Moshi usioonekana

Huwezi kuzungumzia jenereta bila kutaja hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa ingawa mtu anapumua. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja huku jenereta au jiko la makaa linawaka, usiwape vidonge. Watoe nje kwanza, kisha uwapeleke hospitalini.

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwa mlango au dirisha lolote. Isiwekwe jikoni, wala kwenye veranda, wala dukani na mlango umefungwa nusu kwa hofu ya wezi. Jenereta inapozeeka moshi wake huzidi, na hatari huzidi pamoja nao.

Betri iliyokufa bado ni hatari

Betri inapokufa kazi yake huisha, lakini sumu yake haiishi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua hilo kuliko mtu yeyote. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa kando ya nyumba zao, na watoto na watu wazima wakaingiwa na risasi katika damu. Kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, hupunguza damu na kudhuru figo, na hakuna kiwango chake ambacho kimepatikana kuwa salama kwa mtoto.

Kwa hivyo usivunje betri nyumbani ili utoe risasi, usimwage asidi yake shambani, wala usimwachie mtoto aichezee. Irudishe kwa aliyekuuzia au kwa mnunuzi mwenye leseni. Asidi ikikurukia machoni au mwilini, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20 kabla ya kwenda hospitalini. Na unapoichaji, fungua madirisha na usiwashe kiberiti karibu nayo, kwani hewa inayotoka yaweza kulipuka.

Ufanye nini leo?

Kwanza, tafuta daftari. Andika kila kifaa: betri, UPS, jenereta, swichi, friji. Andika tarehe kilipotengenezwa, kilipofungwa, na tarehe utakayokibadilisha hata kama bado kinafanya kazi. Betri ibandikwe karatasi yenye tarehe hiyo. Ukinunua mpya, soma tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa mwaka mzima dukani bila kuchajiwa si mpya.

Pili, jaribu mchana. Mara moja kila miezi mitatu, zima stima makusudi na uhesabu dakika ambazo betri inabeba mzigo. Nyumbani fanya hivyo mgonjwa akiwa kwenye mtungi, na hospitalini wauguzi wajulishwe kwanza. Dakika zikipungua kwa robo tangu betri ilipokuwa mpya, anza kutafuta nyingine.

Tatu, usitegemee kitu kimoja. Mama wa Nyandarua, hela ulizokusudia kumpa kijana wa UPS zitumie kukodi mtungi wa oksijeni. Mtungi wenye lita 1,360, ukifunguliwa kwa lita 2 kwa dakika, utampa mamako zaidi ya saa 11. Hauna betri, wala hauzeeki kwa joto. Uwe umesimamishwa na kufungwa usianguke, mbali na jiko na sigara, na kipimo chake ukikague kila juma. Usiongeze kiasi cha oksijeni kupita alichoandikiwa na daktari wake, kwani kwa maradhi yake oksijeni nyingi yaweza kumlaza usingizi asiamke. Ukiweza baadaye, nunua inveta na betri kubwa, uziweke chumba chenye ubaridi, na uhesabu miaka yake tangu siku ya kwanza.

Nne, ukitembelea zahanati ya kwenu, usione haya kumuuliza msimamizi: jenereta ilijaribiwa lini? Betri zina miaka mingapi? Mimi singeudhika leo nikiulizwa hivyo. Laiti mtu angeniuliza wakati ule.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sista yule alistaafu, lakini kabla ya kuondoka alibandika karatasi ukutani mwa wadi ile kwa mkono wake mwenyewe. Imeandikwa: "Mtungi kwanza, ndipo uwashe mashine." Imo hadi leo, na kando yake mna daftari la betri.